Saruji Yenye Rangi ya Udongo

Siku ya nne tangu saruji mpya iingie sokoni, malori yalianza kuirudisha. La kwanza lilifika saa mbili asubuhi, likasimama nje ya geti la kiwanda na mifuko mia tatu mgongoni. La pili likaja nyuma yake, kisha la tatu. Kufikia adhuhuri foleni ilikuwa imewafikia wanawake wanaouza kenkey, madonge ya unga wa mahindi, kando ya barabara, na madereva walikuwa wameteremka, wamekaa vivulini mwa malori yao wanakula, kama watu waliokwisha kukubali kuwa siku imeharibika.

Sitsofe Agbeko aliwaona kupitia dirisha la maabara. Alikuwa mkuu wa maabara hiyo kwa mwaka wa kumi na moja, na saruji iliyokuwa ikirudi ilikuwa yake. Si kwamba aliimiliki. Ila kama saruji ingekuwa na mama, mama ni yeye.

Kwa miaka mingi kiwanda chao kilikuwa kikisaga klinka, zile kokoto ngumu za kijivu zinazopatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwa moto mkali kupita kiasi. Ililetwa kwa meli kutoka ng'ambo. Klinka ndiyo roho ya saruji, na ndiyo balaa lake: kila tani moja ikitengenezwa, karibu tani nzima ya hewa ya ukaa hupanda angani. Sehemu moja inatoka kwenye moto. Sehemu kubwa zaidi inatoka ndani ya jiwe lenyewe, na hiyo hakuna moto safi unaoweza kuizuia. Sitsofe alitumia miaka sita kuthibitisha kwamba udongo wa vilima vya nyuma ya kiwanda, ule ule ambao wanawake wa huko walikuwa wakifinyangia vyungu, ukichomwa kwa moto wa wastani na kuchanganywa na unga wa chokaa mbichi, unachukua nafasi ya nusu ya klinka. Moshi wa saruji ukashuka: theluthi nzima, na kidogo juu yake. Wakubwa wakakubali, tanuru la udongo likajengwa, na siku lilipowashwa Sitsofe alilia chooni ili asionekane.

Kasoro ilikuwa moja. Udongo ule una chuma, na ukichomwa huwa mwekundu. Saruji ikatoka na rangi ya waridi iliyochakaa, kama kanga iliyofuliwa mara mia.

Alipofika getini alimkuta Korsi Dotse ameshafungua mfuko mmoja, amechota saruji kiganjani, anaionyesha hadharani. Korsi alikuwa kaka wa marehemu mumewe, na mwenyekiti wa wafyatua matofali wa mji mzima.

"Shemeji," alisema Korsi, "hii mmetuuzia saruji, au unga wa mhogo uliomwagikiwa mawese?"

Madereva wakacheka huku wakitafuna.

"Ni saruji, shemeji. Tena ina nguvu kuliko ile ya zamani."

"Nguvu yenyewe iko wapi? Nionyeshe nami nipate heri."

"Ipo kwenye vipimo. Tofali likifika siku ya ishirini na nane utaona..."

"Siku ya ishirini na nane." Korsi aliyarudia maneno hayo polepole, akawageukia madereva. "Jamani, mmemsikia mke wa ndugu yangu. Watoto wangu nao watakula siku ya ishirini na nane." Kisha akamrudia Sitsofe, na safari hii hakuwa akitania. "Juzi nimefyatua matofali mia nne. Jana asubuhi nimeyainua niyapange. Sitini na mawili yameniachia pembe mikononi. Miaka ishirini na sita nafyatua, sijawahi kuona hivyo."

"Labda mliweka maji mengi," alisema Sitsofe.

Alijua kabla hajamaliza kwamba amekosea. Korsi aliimwaga ile saruji chini, akapangusa kiganja kwenye suruali, akapanda lori lake akakaa, akatazama mbele.

*

Meneja wa kiwanda, Bwana Tamakloe, alikuwa mtu mpole ambaye upole wake ulimchosha Sitsofe kuliko ukali wa wengine. Alimkaribisha kiti, akamsogezea maji.

"Mimi si adui yako," alianza. "Lakini ghala limejaa. Mifuko elfu mbili imerudi, na mingine iko njiani. Wauzaji wa jumla wanasema wakiiweka dukani watu wanapita kama wanapita kaburi. Sasa wewe niambie, nifanye nini?"

"Vipimo vyote vimepita, bwana. Shirika la viwango limepitisha. Vyuo viwili vimepitisha."

"Sitsofe, soko halina shahada."

"Kwa hiyo turudi kwenye klinka?"

"Nakupa wiki sita. Baada ya hapo nazima tanuru la udongo."

Jioni hiyo aliketi na mama yake uani, wakichambua mboga. Bi Dzatugbui alikuwa ameletwa kuishi hapo mwaka wa tatu sasa. Nyumba yake ya pwani ilichukuliwa na bahari, na kabla ya hiyo ilichukuliwa ya kwanza, na kabla ya hiyo ya wazazi wake. Alizungumza juu ya bahari kama watu wanavyozungumza juu ya jirani mwizi.

"Umenuna," alisema mama.

"Saruji yangu hawaitaki. Wanasema nyekundu."

"Na ni nyekundu?"

"Ni nyekundu, mama."

"Basi hawajasema uongo." Mama alitupa shina la mboga. "Hiyo saruji yako, wakiitaka, itaizuia bahari?"

"Haitaizuia. Itapunguza tu ule moshi unaoichochea. Kidogo."

"Kidogo," alisema mama, si kwa dharau, ila kama mtu anayeonja chumvi. "Na hicho kidogo nacho hawakitaki."

Sitsofe aliinama juu ya mboga akaendelea kuchambua. Hakutaka mama yake auone uso wake.

*

Asubuhi ya tatu baada ya hapo alikwenda kwenye kiwanja cha Korsi bila kualikwa, amevaa viatu vya kazi, na mfuko mmoja wa saruji yake kwenye buti la gari. Korsi alimtazama, akatema mswaki wa mti, akasema, "Umekuja kunifundisha maji?"

"Nimekuja kuomba radhi. Na nimekuja kutazama."

"Tazama. Macho hayalipiwi."

Alikaa siku nzima juani. Aliwaona wakichanganya mchanga na saruji kwa sepetu, wakijaza kalibu, wakishindilia, wakilitoa tofali bichi papo hapo na kuliacha chini likauke. Kesho yake alirudi kabla jua halijapanda. Hapo ndipo alipoona kile ambacho miaka sita ya maabara haikumwonyesha. Watu hawa hawakuwa na siku ishirini na nane. Hawakuwa hata na siku mbili. Kiwanja kilikuwa kidogo, na tofali la leo lilihitaji nafasi ya tofali la jana, kwa hiyo la jana lilipaswa kuinuliwa asubuhi, lipende lisipende. Saruji yake ilikuwa nzito kuamka. Ikishaamka ilizipita zote nguvu, lakini alfajiri ya kwanza ilikuwa bado imelala, na pembe zikabaki mikononi mwa watu.

Aliinua tofali moja mwenyewe. Pembe ikamwachia. Korsi alikuwa karibu, akimtazama.

"Hukuweka maji mengi," alisema Sitsofe.

"Najua."

Alirudi maabara na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi, maana nyingi ilikuwa ya kwake mwenyewe. Alipima siku ya pili, ya saba, ya ishirini na nane, ya tisini, kama vitabu vilivyosema, na hakuwahi hata mara moja kumuuliza mtu anayefyatua tofali kwamba wewe unalinyanyua saa ngapi. Kwa wiki tatu yeye na wasaidizi wake wawili walisaga udongo laini zaidi, wakaongeza jasi kwa kipimo cha kijiko, wakafyatua matofali nyuma ya maabara jua likizama na kuyainua jua likichomoza. Mara ya tisa pembe zilishika. Mara ya kumi zilishika tena. Mara ya kumi na moja Sitsofe alilidondosha tofali makusudi kutoka usawa wa goti, likabaki zima, akaketi juu yake akanywa chai yake.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Akawaalika wafyatua matofali. Walikuja kumi na tisa, wameoga, wamevaa mashati ya Jumapili. Aliwapanga mbele ya ile mashine ya kukandamiza, akaweka tofali la saruji ya kijivu waliloleta wao, mashine ikaguna, tofali likapasuka. Akaweka la saruji yake, lililofyatuliwa siku moja na lile. Mashine ikaguna, ikaendelea kuguna, mshale ukapita pale ulipokomea mwanzo, ukapita tena, ndipo lilipopasuka. Akawaonyesha pia matofali yaliyofyatuliwa jana yake jioni. Akawaruhusu wayainue, wayagonge, wayadondoshe. Mzee mmoja alipiga makofi. Wakapewa ugali wa akple na mchuzi wa samaki na bamia, wakala, wakashukuru kwa maneno mazuri, wakaondoka.

Wiki ikapita. Hakuna aliyeagiza hata mfuko mmoja.

Alimfuata Korsi kiwanjani. Uvumilivu ulikuwa umemwishia.

"Uliona kwa macho yako."

"Niliona."

"Ulilidondosha mwenyewe."

"Nililidondosha. Ni tofali zuri, shemeji, silikani."

"Sasa tatizo ni nini?"

Korsi alichutama, akachora mstari mchangani kwa kidole. "Mteja akija hapa, mashine yako haipo. Yuko yeye, niko mimi, na liko tofali. Analitazama. Akiliona jekundu anasema, Korsi umechanganya udongo. Nikimwambia ndiyo, kuna udongo, lakini ni udongo wa kitaalamu, ananiuliza ndoo moja ya udongo ni cedi ngapi, aniletee yeye kutoka shambani kwake." Aliinua macho. "Ningekuwa wewe ningecheka. Ila mimi ndiye nitakayelala na matofali yasiyouzika."

Sitsofe hakucheka.

*

Aliyeleta dawa alikuwa Elikem, msimamizi wa tanuru, mtu wa maneno machache aliyezoea kutazama miali kupitia kitundu cha kioo. Alikuja ofisini kwa meneja na vipande viwili vya udongo uliochomwa, kimoja chekundu, kimoja cha kijivu kama jivu la mkaa.

"Udongo ni ule ule," alisema. "Hiki cha kijivu nimekipoza bila kukipa hewa, na nimekinyunyizia mafuta kidogo mlangoni pa tanuru. Kile chuma kinageuka rangi. Nguvu haibadiliki."

Bwana Tamakloe alikichukua kile kipande kwa vidole viwili, kama pete.

"Mafuta kidogo ni kiasi gani?" aliuliza Sitsofe.

Elikem alimtajia. Sitsofe alikokotoa kichwani, kisha akakokotoa tena kwenye karatasi, akitumaini kichwa kimemdanganya. "Tulikuwa tumepunguza moshi thelathini na nne kwa mia. Tukifanya hivi tunabaki na thelathini na moja. Tatu tunazichoma hivi hivi. Hazijengi kitu. Tunachoma mafuta ili kupaka rangi."

"Thelathini na moja ni nyingi," alisema meneja.

"Bwana, nimehangaika miezi minne kuipata hata moja ya hizo tatu."

"Na nikizima tanuru utabaki na ngapi?"

Elikem alikodolea macho viatu vyake. Sitsofe aliomba apewe muda zaidi, azunguke sokoni, ajengee watu nyumba ya mfano pale njia panda, azungumze redioni. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza, halafu akasema mafuta yaagizwe.

"Na jambo moja," aliongeza wakiwa mlangoni. "Huko nje tusiimbe habari za udongo. Mfuko utaandikwa kama sheria inavyotaka. Zaidi ya hapo, tunyamaze."

Saruji ya kijivu ilitoka Jumatatu. Jumamosi haikuwepo tena ghalani. Wiki iliyofuata foleni ya malori ilifika tena kwa wauza kenkey, safari hii yakisubiri kupakia, na madereva walipiga honi kwa kukosa subira. Mapipa ya mafuta yalikuwa yakiteremshwa kando ya tanuru. Sitsofe aliyapita kila asubuhi bila kuyatazama, kama mtu anayempita aliyemkosea.

Kilichomvunja moyo hasa hakikuwa mafuta. Siku moja Korsi alimpigia simu mwenyewe, sauti imejaa furaha.

"Shemeji, pongezi. Mmefanya busara. Ningejua mko tayari kusikia wala nisingesema yale maneno ya mawese. Hii ya zamani mliyoirudisha, asubuhi naiinua kama jiwe. Zamani haikuwa hivi, mmeiongeza nini?"

Sitsofe alichukua funguo za gari. "Uko kiwanjani?"

"Niko."

"Nakuja."

Alimkuta amesimama kati ya safu za matofali ya kijivu, mamia kwa mamia, yenye pembe kali kama za meza. Sitsofe hakukaa. Aliokota mfuko mtupu uliokuwa umekunjwa juu ya rundo, akaugeuza ubavu, akauweka kidole kwenye mstari mmoja wa maandishi madogo chini kabisa.

"Soma hapa."

"Miwani sina."

"Unayo shingoni."

Korsi aliivaa. Alisoma polepole, midomo ikicheza: klinka, udongo uliochomwa, chokaa, jasi. Akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Huu ni mfuko wa ile nyekundu," alisema.

"Mifuko ile ilikuwa na picha ya ndovu kama huu? Huu umeununua juzi."

Alimsimulia yote: chuma, hewa, mafuta ya Elikem, thelathini na nne iliyogeuka thelathini na moja. Aliongea haraka, na kadiri alivyoongea ndivyo alivyosikia kwamba sauti yake ni ya mtu anayeshtaki, ila hakujizuia. Korsi alisikiliza akiwa ameushika ule mfuko kifuani. Mwisho akauliza, "Na zile pembe? Mlizirekebisha lini?"

"Nguvu hiyo ilikuwa tayari siku ile mliyokuja kula akple. Ndiyo niliyokuwa nikiwaonyesha."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Korsi alivua miwani. Alizitazama safu za matofali yake moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu mbuzi asiyejua wamepungua au wameongezeka. Sitsofe alingoja. Alingoja aambiwe samahani, au aambiwe ulikuwa na haki, au hata atukanwe.

"Mimi nitaendelea kununua," alisema Korsi hatimaye. "Kazi yake nimeiona. Lakini shemeji, nakuomba kama ndugu. Usiende kuwasomea wengine huu mstari."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu watairudisha."

Alikuwa akisema kweli, na hapo ndipo palipomchoma. Sitsofe aliukunja ule mfuko mara mbili, akamrudishia. Aliendesha gari mpaka kiwandani vioo vikiwa vimefungwa, na ndani ya gari akasema kwa sauti maneno ambayo mama yake asingependa kuyasikia.

*

Hakuliacha jambo hilo. Siku iliyofuata alimfuata Elikem kule juu ya tanuru, kwenye joto, akamuuliza kama yale mafuta yanaweza kupunguzwa.

"Yakipungua rangi inarudi," alisema Elikem.

"Kiasi gani? Nikipunguza sehemu moja kwa ishirini, jicho litaona?"

Elikem alifikiri. "Jicho la nani?"

"La Bwana Tamakloe. La wafyatua matofali."

"Kwa wiki moja? Hapana. Hata langu halitaona."

"Basi kila Jumatatu punguza kiasi hicho. Rangi na iende polepole, macho yaende nayo."

Elikem akafungua daftari lake la zamu akaandika.

Wiki ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Wiki ya tatu hakuna aliyesema kitu. Wiki ya tano Sitsofe aliweka kopo la saruji ya wiki hiyo kando ya kopo la wiki ya kwanza, karibu na dirisha, akaona wekundu mdogo sana, kama wa shavu la mtu aliyetembea juani. Alilifunika upesi. Wiki ya nane Bwana Tamakloe alimwita, akamwambia kwa upole wake ule ule kwamba kuna muuzaji mmoja wa jumla analalamika, anasema saruji ya siku hizi ina rangi ya ajabu kidogo. Je, kule tanuruni kuna kitu kimeharibika?

"Nitaangalia, bwana."

"Angalia. Tusirudi kule tulikotoka."

Sitsofe alishuka ngazi, akavuka uwanja, akapanda mpaka kwa Elikem, akamwambia arudishe hatua moja ya mafuta.

"Moja tu?" aliuliza Elikem.

"Moja tu."

Zile hatua saba nyingine aliziacha vile vile.